Kufutwa si Kufutika

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalifanya kila siku bila kulitafakari, nalo ni kufuta. Sisemi kufuta vumbi wala kufuta deni. Nasema kufuta maandishi na picha zilizomo ndani ya kompyuta na ndani ya simu. Tunabonyeza kitufe, faili linatoweka machoni, nasi tunaamini kwamba limekwisha. Mimi nami niliamini hivyo, hadi siku nilipofundishwa na fundi mmoja wa Kariakoo, kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wangu.

Nilikuwa nimefuta kwa bahati mbaya picha za arusi ya binti yangu. Picha hizo zilikuwa katika kompyuta mpakato niliyoinunua mtumba, kwa mfanyabiashara aliyeipata kutoka zahanati moja iliyokuwa ikibadilisha vifaa vyake. Nikaipeleka kwa fundi nikiwa sina tumaini kubwa. "Kaa hapo, Mzee," akaniambia, "zitarudi." Na kweli, baada ya saa mbili hivi picha zikaanza kujitokeza moja moja: bibi arusi, keki, wajomba wakicheza ngoma. Nilifurahi hata nikaagiza soda mbili. Ndipo kijana akageuza kioo cha kompyuta upande wangu, akauliza kwa sauti ya chini, "Na haya mengine, Mzee, ni ya kwako?"

Hayakuwa yangu. Ilikuwa orodha ya wagonjwa wa ile zahanati: jina, umri, mtaa, namba ya simu, na katika safu ya mwisho, dawa anazopewa kila mmoja. Dawa zenyewe ni zile ambazo kila mtu mjini anajua ni za nini. Nilimwambia afunge upesi, lakini macho hayana pazia. Jina la tano au la sita lilikuwa la mtu ninayemfahamu, mtu tunayesalimiana karibu kila juma.

Siku ya pili nilikwenda kwenye zahanati ile kuwaeleza. Mama msimamizi alinipokea kwa heshima, na niliposema nilichokiona alishika kichwa. "Lakini, Mzee, sisi tulifuta kila kitu," akasema. "Hata lile debe la taka la kompyuta tulilimwaga." Hakuwa akisema uongo. Walifuta kweli. Tatizo ni kwamba kilichofutwa hakikuwa kimefutika, na tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo mazungumzo yangu ya leo.

Wale waliopata kufanya kazi serikalini wanaijua masjala. Kuna rafu zimejaa majalada, na kuna karani mwenye daftari linaloonyesha jalada gani liko rafu ipi. Sasa chukulia kwamba mkubwa wa ofisi anampigia simu karani na kumwambia, "Jalada la fulani liondoe." Karani anachukua kalamu, anaukata mstari mmoja katika daftari, anarudi kunywa chai yake. Jalada lenyewe hakuligusa. Liko palepale kwenye rafu. Litaondoka tu siku ambapo jalada jingine litahitaji nafasi ile, na siku hiyo yaweza kuwa kesho, au baada ya miaka mitano, au isifike kamwe.

Hivyo ndivyo diski ya kompyuta inavyofanya kazi. Ukifuta faili, kompyuta inafuta anwani yake tu na kuandika kwamba nafasi ile iko wazi. Hata ukifomati diski kwa ile njia ya haraka, unachofanya ni kumpa karani daftari jipya lisilo na kitu. Rafu zimebaki zimejaa. Fundi wangu wa Kariakoo hakufanya uchawi wowote. Aliliacha daftari, akapita rafu hadi rafu akiangalia kilichopo. Nami kwa kuwa nilikuwa nimetumia sehemu ndogo tu ya diski ile, rafu nyingi za zahanati zilikuwa hazijaguswa.

Utauliza, kwa nini walioitengeneza kompyuta waliamua hivyo? Jibu ni kasi. Kukata mstari katika daftari kunachukua muda wa kupepesa jicho. Kuandika sifuri juu ya kila nafasi katika diski ya gigabaiti 500, kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde, kunachukua takriban saa moja na nusu. Hakuna mtu aliye tayari kungoja kiasi hicho kila afutapo faili. Kwa hiyo kompyuta ilifundishwa kutuonyesha kwamba imefuta, na sisi tukaridhika na maonyesho hayo.

Msidhani haya ni mambo ya zahanati zetu ndogo tu. Kati ya mwaka 2000 na 2002 wanafunzi wawili wa chuo cha MIT huko Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski 158 zilizokwisha tumika, wakazichunguza, na mwaka 2003 wakachapisha waliyoyaona. Diski 129 zilikuwa bado zinafanya kazi. Kati ya hizo, zilizokuwa zimesafishwa sawasawa zilikuwa 12 tu. Katika zilizosalia walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5,000, barua za mapenzi, na habari za wagonjwa. Diski moja ilielekea kuwa imetoka katika mashine ya kutolea fedha, nayo ilikuwa bado na namba za akaunti za wateja.

Wala wakubwa hawajapona. Mwaka 2022 mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa iliitoza kampuni ya fedha ya Morgan Stanley faini ya dola milioni 35. Kosa lilikuwa nini? Vifaa vyake vya zamani vilikabidhiwa kampuni ya kuhamisha mizigo ambayo haikuwa na ujuzi wa kuharibu data, na baadhi ya vifaa hivyo vikaishia kunadiwa kwenye intaneti vikiwa bado na taarifa za wateja. Waliohusika katika uzembe huo ni wateja wapatao milioni 15. Hilo ni shirika lenye wanasheria na mainjinia wa kila aina. Sasa zahanati yenye karani mmoja tutailaumu kiasi gani?

Basi dawa ni nini? Kwa diski za kawaida, zile zenye sahani inayozunguka ndani, dawa ni kuandika kitu kingine juu ya kila nafasi. Hapa kuna hadithi imezagaa mitaani kwamba lazima uandike mara 35. Asili yake ni makala aliyoandika Peter Gutmann, mtaalamu wa New Zealand, mwaka 1996. Alipanga michoro 35 ya kuandika juu ya data ili kukidhi aina zote za diski zilizokuwapo wakati ule, mpya na kuukuu. Watu wakaifanya kama kafara, wakaandika mara 35 juu ya kila diski, na Gutmann mwenyewe baadaye ikambidi aeleze kwamba hakuna diski moja inayozihitaji zote. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, uliotolewa mwaka 2014, ulieleza kwamba kwa diski za sumaku za siku hizi kuandika mara moja juu ya diski nzima kwa kawaida kunatosha. Kinachotakiwa ni kuandika kweli, na kuhakikisha kwamba kazi imefanyika.

Lakini hapa, ndugu msikilizaji, mambo yanageuka. Simu zetu, flashi tunazotembea nazo mfukoni, na kompyuta nyingi mpya hazina tena sahani inayozunguka. Zinatumia vipande vya kumbukumbu ambavyo kila nafasi ndani yake huchakaa ikiandikwa mara nyingi mno. Ili zisichakae upande mmoja, ndani ya kifaa kuna karani mwingine, mjanja kuliko yule wa kwanza. Ukimwambia, "Andika sifuri juu ya jalada hili," anakwenda kuziandika sifuri katika rafu nyingine iliyopumzika, anabadilisha daftari, na jalada la zamani analiacha lilipo. Wewe ukisoma unaona sifuri, unafurahi. Kumbe!

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walilipima jambo hili na kutoa matokeo mwaka 2011. Waliona kwamba zile njia za kufuta faili moja moja kwa kuandika juu yake, zilizorithiwa kutoka diski za zamani, hakuna hata moja iliyofanya kazi ipasavyo katika vifaa hivi. Kuna amri maalumu ambayo watengenezaji huiweka ndani ya kifaa ili kifute chote kwa pamoja, nayo hufanya kazi ikiwa imetengenezwa vema. Hata hivyo walikuta kifaa kimoja kilichojibu kwamba kimekwisha futa, ilhali data yote imo.

Njia iliyo bora kwa vifaa hivi ni ya kushangaza kidogo. Badala ya kuhangaika kuliharibu kila jalada, unaandika majalada yote kwa msimbo tangu siku ya kwanza, na ufunguo wa msimbo unauweka mahali pamoja. Siku ya kuachana na kifaa, unauharibu ufunguo. Majalada yanaweza kubaki rafuni miaka mia. Asiye na ufunguo atasoma vurugu tupu. Simu nyingi za miaka hii zinafanya hivyo zenyewe bila kuambiwa: iPhone zinafanya, na simu za Android zilizotoka kiwandani na toleo la 10, lile la mwaka 2019, au la baadaye, zinatakiwa kufanya. Ukiirudisha simu kama hiyo katika hali ya kiwandani, ufunguo unaangamizwa. Kwa kompyuta, aghalabu inabidi mwenyewe uwashe. Na hapo ndipo ile kampuni ya Marekani ilipoumbuka zaidi, kwani mamlaka ilieleza kwamba baadhi ya vifaa vyake vilikuwa na uwezo huo kwa miaka, ila hakuna aliyeuwasha.

Sasa natoka kwenye rafu naingia kwenye meza. Kompyuta ina kumbukumbu ya aina ya pili, ile ya kufanyia kazi, ambayo ni kama meza ya karani. Jalada likihitajika huletwa mezani, hufunguliwa na kusomwa hapo. Neno lako la siri, ule ufunguo wa msimbo niliousema, barua unayoiandika, vyote hupita mezani. Tulifundishwa kwamba umeme ukizimwa, meza inakuwa tupu papo hapo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao walionyesha kwamba si papo hapo. Yaliyomo hufifia pole pole, kwa sekunde kadhaa. Na ukiipuliza kumbukumbu ile kwa kopo la hewa iliyoshindiliwa, ukiwa umeligeuza kopo juu chini, baridi yake hufika nyuzi 50 chini ya sifuri, na yaliyomo hukaa kwa dakika kadhaa karibu yote yakiwa salama. Kwa njia hiyo waliweza kuzichota funguo za msimbo kutoka kompyuta iliyokuwa imetoka kuzimwa. Kwa hiyo mwenye siri nzito asiiache kompyuta yake imelala tu, kifuniko kikiwa kimefungwa. Aizime kabisa, na asiondoke karibu nayo upesi.

Watunzi wa programu walio waangalifu huisafisha meza wenyewe. Wakimaliza kulitumia neno la siri, huandika amri: hapo liliposimama, weka sifuri. Sikilizeni yaliyowapata. Programu ikiisha kutungwa, hupitishwa katika programu nyingine, iitwayo kompaila, inayoigeuza kuwa lugha ya mashine. Kompaila ina tabia ya kuondoa kila kazi isiyo na faida ili programu iende mbio. Ni kama kiranja aliyeagizwa na mwalimu afute majibu ya mtihani ubaoni kabla darasa halijafungwa. Kiranja anafikiri: nani atakuja kuusoma ubao leo? Hakuna. Basi ya nini kujichosha? Anafunga mlango, anakwenda kucheza mpira, na majibu yamebaki ubaoni. Kompaila nayo inaona kwamba zile sifuri hakuna atakayezisoma, inaitupa amri ile kimya kimya. Mtunzi analala akijua amefuta. Mashine haikufuta kitu.

Ikabidi zitungwe amri mpya, zenye maana ya "futa, hata ukiona haina faida." Watu wa mfumo wa OpenBSD waliweka yao mwaka 2014. Lugha ya C, iliyozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ambayo bado imebeba sehemu kubwa ya programu za dunia, ilipata amri ya namna hiyo mwaka 2011, lakini ikawa ya hiari. Ya lazima ilikuja katika kiwango kilichochapishwa mwaka 2024. Zaidi ya nusu karne, ndugu zangu, ili mashine ikubali kufuta inapoambiwa futa.

Je, kuna aliyeumia kwa mabaki ya mezani? Wapo. Aprili 2014 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed, katika programu iliyokuwa ikilinda tovuti nyingi mno duniani. Mtu wa mbali aliweza kuiuliza kompyuta swali la hila, nayo ikamjibu kwa kumchotea kipande cha chochote kilichokuwa mezani, hadi kilobaiti 64 kwa kila swali. Kosa la kwanza lilikuwa kutokupima urefu wa swali. Lakini hasara ilikuwa kubwa kwa sababu meza ilikuwa imejaa mabaki ya kazi zilizotangulia. Huko Kanada, idara ya kodi ilieleza kwamba namba za utambulisho za watu wapatao 900 ziliibiwa kwa njia hiyo kabla ziba halijawekwa.

Turudi nyumbani. Mambo haya kwetu si ya wataalamu peke yao. Miji yetu inaishi kwa kompyuta na simu za mtumba. Kifaa kimoja hupita mikono mitatu, minne. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Sheria hizo zinambebesha wajibu yule anayezishika taarifa za watu. Lakini sheria haijui kubonyeza kitufe. Anayejua ni karani, muuguzi, mhasibu wa shule, kijana wa duka la stesheneri anayechapisha vyeti vya watu na kuviacha kwenye kompyuta yake.

Nami kwa hao nasema machache. Msimbo uwashwe siku kifaa kinaponunuliwa, usingoje siku ya kukiuza. Simu ikiuzwa, toa laini na kadi ya kumbukumbu, jiondoe katika akaunti zako, kisha irudishe katika hali ya kiwandani. Diski inayozunguka iandikwe sifuri yote, si kufomatiwa kwa haraka. Flashi iliyobeba siri ambazo hazikuandikwa kwa msimbo usimpe mtu. Ivunje, na kile kipande cheusi cha ndani kivunjike pia. Diski iliyokufa isiyokubali kuandikwa itobolewe kwa keekee, isichomwe moto, kwani moshi wake ni sumu. Na ofisi ziandike katika daftari: kifaa gani, kimefutwa na nani, kwa njia gani, na nani amehakikisha. Hilo la kuhakikisha ndilo tunalolisahau, ilhali ndilo lenye uzito kuliko yote.

Mama msimamizi wa zahanati ile aliniomba nimwonyeshe. Tukaenda pamoja kwa fundi. Picha za arusi zikawekwa pembeni, kisha kijana akaanza kuandika sifuri. Tulikaa kwenye benchi saa moja na nusu na ushei, mama yule hakuondoka. Ilipokwisha, nikamwambia fundi atafute tena kama alivyotafuta mara ya kwanza. Akapita rafu zote, hakukuta kitu. Mama akauliza kuhusu kompyuta nyingine nne walizouza pamoja na ile yangu. Hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu. Tangu siku hiyo amekuwa akizitafuta, na hadi ninapozungumza nanyi amepata mbili.

Na yule ninayemfahamu tunaendelea kusalimiana. Ananiuliza habari za nyumbani, namjibu nzuri. Diski ile sasa imefutika. Mimi siwezi kufuta nilichokiona, na yeye hakunipa ruhusa ya kukijua.